Aya ya Tisa

Kiabakari, 9 Machi 2024

Amosi mwanangu,

Marahaba, maana najua ungeanza na shikamoo. Hujambo huko Musoma? Mkeo Hana naye hajambo? Mimi mzima, ni magoti tu, na mbuzi mweupe amezaa mapacha. Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu simu yangu imekamatwa. Mimi niko nje, simu iko ndani kituoni. Ndiyo mambo ya watu waliosoma hayo.

Sikiliza ilivyokuwa. Stanislausi tulimzika tarehe 17 mwezi uliopita. Wewe ulituma rambirambi ukasema ofisini kuna kazi nyingi. Sawa. Yule ndiye aliyekubeba mgongoni mpaka zahanati ulipoumwa na nge, lakini kazi ni kazi. Mjane wake, Dorah, akaniomba niandike historia ya marehemu, kama ninavyoandikaga kila msiba hapa tangu niwe katibu wa jumuiya.

Unajua historia za marehemu zinavyosomwaga. Mwizi wa ng'ombe anakuwa mchapakazi. Mgomvi anakuwa mcheshi. Ikifika sababu ya kifo, wanasoma "aliugua ghafla," hata kama mtu amekatwa panga na kijiji kizima kinamjua aliyekata. Mimi sijawahi kuandika hivyo. Baba yako nilimwandika kwamba ini lilimwisha kwa gongo, na hakuna aliyebisha.

Basi nikasoma. Stanislausi hakuugua. Alifukiwa na kifusi ndani ya duara la Burito, yule tajiri mwenye mashimo ya dhahabu hapa, kwa sababu Burito alitoa matimba, ile miti inayoshika kuta za shimo, akaihamishia duara lake jipya. Siku nne kabla, Stanislausi alimwambia kuta zinalia. Akajibiwa kwamba anayeogopa shimo akauze nyanya. Nikasema huyu ni mtu wa tisa kufia kwenye maduara ya Burito ndani ya miaka miwili, nikawataja wote tisa kwa majina. Spika ilikuwa ya Pazi, yule fundi redio wa Manyamanyama, anakodishaga kwenye harusi na misiba. Mtu akarekodi, ikatembea kwenye masimu mpaka Bunda.

Jana wameniita kituoni. Wanaume watatu na kompyuta moja isiyowaka. Wa kwanza akasema nimetumia kipaza sauti bila kibali cha halmashauri. Wa pili akasema nimesambaza taarifa za uongo mtandaoni, na hapo simu yangu ni ya batani, mtandao wenyewe naonaga kwa watu. Wa tatu, mwenye tai, akaniuliza hiyo tisa nimeitoa wapi, nani kaniruhusu kutoa takwimu. Nikamwambia nimehesabu makaburi. Akaandika: "Mtuhumiwa amekiri kuhesabu."

Wamechukua simu yangu, wamechukua na spika ya Pazi, eti vielelezo. Wewe unafanya kazi kwa wakili. Niambie kama kuhesabu ni kosa.

Mama yako,
Matrida


Musoma, 16 Machi 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Pole sana kwa usumbufu. Sisi hatujambo, Hana anakusalimia, ametuma dawa ya kuchua magoti, iko kwenye mfuko huu pamoja na barua.

Kimsingi, mama, haya ni makosa matatu tofauti na kila moja lina sheria yake. Kipaza sauti ni sheria ndogo ya halmashauri, hilo ni faini. La mtandaoni ndilo zito, hata kama hukusambaza wewe, wanaweza kukuhangaisha. La takwimu, ile sheria ilishalegezwa siku nyingi, ila aliyekuhoji nadhani hajapata habari. Ushauri wangu ni kukaa kimya. Usieleze, usirudie, usiandike.

Kuna jambo gumu zaidi. Jumatano Bwana Burito alikuja ofisini kwetu akiwa na jalada lake. Sasa ni mteja wetu. Anataka kukushtaki kwa kashfa. Nilimwambia wakili kwamba wewe ni mama yangu, nikadhani atamkataa. Akasema ndiyo vizuri, nyaraka zitakufikia kwa heshima.

Kwa hiyo kuanzia leo siwezi kukuambia kilichomo kwenye faili hilo. Nayo ni sheria, siri ya mteja. Kuna karatasi nimeiona humo, ya tarehe za kabla Stanislausi hajafa. Imeninyima raha. Lakini siwezi kusema, naomba unielewe.

Mwanao,
Amos


Kiabakari, 23 Machi 2024

Amosi,

Dawa imefika, mwambie Hana asante, yeye ana akili. Magoti yamepoa kidogo.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nilikuwa nacheka peke yangu mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Nilikuuliza swali moja, kuhesabu ni kosa? Umenijibu kwa ukurasa mzima na jibu halimo. Nikisema ninahitaji kibali. Nikisikika kwenye simu ya mwingine ni mwongo. Nikihesabu lazima niwe serikali. Na wewe uliyeona kwa macho yako umefungwa mdomo kwa mshahara. Nilikuwa nadhani sheria inamfunga mwizi.

Hiyo karatasi usiniambie. Inanitosha kujua kwamba ipo, na kwamba wewe umeikalia kama kuku anayeatamia yai viza. Nilipouza ng'ombe wawili wa Mugeta usome, sikujua nanunua tarishi wa Burito.

Unaniambia nikae kimya. Nani atasoma historia za marehemu hapa? Burito?

Mama yako


Musoma, 11 Juni 2024

Mama,

Shikamoo. Natumaini u mzima na mvua zimekuachia mtama. Sisi wazima. Nimekaa muda bila kuandika, nisamehe, maneno yako yaliniuma.

Naleta nyaraka mbili. Ya kwanza ni madai ya kashfa. Bwana Burito anasema umemvunjia heshima kwa jamii. Ya pili ndiyo ya kuangalia sana, ni zuio la mahakama. Mpaka kesi iishe, usitamke mahali popote jambo lolote kuhusu maduara ya Bwana Burito au sababu ya kifo cha mtu yeyote kilichotokea humo. Ukitamka, hiyo ni kudharau mahakama, na mtu anakwenda ndani bila hadithi ndefu. Mama, nakuomba. Hili si la kuchezea.

Tia sahihi kwamba umepokea, nakala moja inirudie.

Mwanao,
Amos


Kiabakari, 30 Agosti 2024

Amosi,

Hujambo. Mimi nimeamka vizuri, baada ya kulala siku mbili kwenye sakafu ya serikali. Nadhani umesikia, lakini nakueleza mwenyewe, maana habari zikipita ofisini kwenu zinavaa suti.

Robi amekufa, binti wa Esther wa kule mlimani. Yeye hakuwa hata mchimbaji, alikuwaga anaokota mawe ya mabaki kwenye mdomo wa duara, ananunulia watoto daftari. Mdomo ukamega, akaingia nao. Duara lile jipya la Burito, lenye matimba ya kuhamishwa. Esther akaja kwangu na daftari, akasema, andika.

Nikaliangalia zuio lenu vizuri, nimelibandika ukutani karibu na kalenda ya parokia. Nikaandika nilichoruhusiwa. Kaburini nikasimama, nikasoma: "Robi alizaliwa mwaka 1993. Alibatizwa. Aliolewa. Amejaliwa watoto watatu. Sababu ya kifo chake imezuiliwa na mahakama. Bwana ametoa." Nikakaa.

Amosi, watu walicheka msibani. Sijawahi kuona. Mpaka padre aliinama akajifanya anatafuta miwani. Halafu kicheko kikageuka kilio, na kilio kile kilikuwa kikubwa kuliko nilivyowahi kusikia hapa.

Kesho yake wakaja kunichukua. Yule mwenye tai akasema nimeidharau mahakama. Nikamuuliza nimetamka sababu gani ya kifo. Akatafuta kwenye karatasi yake, hakuiona. Akasema, "Umeitamka kwa namna ya kutoitamka." Wakakaa na mimi siku mbili wakitafuta jina la kosa hilo, hawakulipata, wakaniachia. Mtu mzima mwenye tai.

Kwenye ile kesi yenu, mwambie Burito anisalimie magoti yake, nasikia na yeye yanamsumbua kwa kupanda ngazi za mahakama.

Mama yako


Musoma, 14 Oktoba 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Habari za siku mbili zile nilizipata kwa Pazi, nikashindwa hata kula. Hana hataki kuongea na mimi. Hali zetu ndiyo hizo.

Sasa kuna mlango. Bwana Burito amechoka na kesi, na tangu msiba wa Robi watu wanamnong'ona kuliko mwanzo. Yuko tayari kufuta madai yote, na wakili ataongea na wahusika ili na yale mengine yaishe na vitu virudishwe, simu yako na spika ya Pazi. Anachotaka ni kuombwa radhi hadharani. Siku ya misa ya mwaka ya Stanislausi, mahali palepale uliposema, kwa kipaza sauti, mbele ya watu walewale.

Hati ya maridhiano nimeichapa mwenyewe. Ina aya tisa. Aya ya kwanza mpaka ya nane ni maneno uliyoyasema, kama ulivyoyasema, pamoja na majina yote, ili kila aliyesikia ajue ni maneno yapi yanafutwa. Sheria ya kashfa ndivyo inavyotaka, kinachofutwa lazima kitajwe. Aya ya tisa inasema kwamba hayo yote ni uongo na kwamba unajuta. Ukitia sahihi inasajiliwa mahakamani, inakuwa amri. Unatakiwa kusoma yote, neno kwa neno, bila kuruka.

Mama, ni dakika kumi. Halafu yanaisha.

Mwanao,
Amos


Kiabakari, 9 Novemba 2024

Amosi,

Hujambo. Mimi mzima wa mwili.

Nilipopata hati yako nilitaka kukurudishia ikiwa imefungiwa maandazi. Watu mmekwenda shule miaka kumi na sita, mkaketi na wakili, mkafikiri, na kilichozaliwa ni kumlazimisha bibi wa miaka sitini na nne aite uongo kitu ambacho wewe mwenyewe unajua ni kweli, maana umekikalia. Sina jina la kuita kazi hiyo. Ukahaba nisiuonee, yule anauza cha kwake.

Nikasema sitii sahihi. Nikakaa na msimamo wangu wiki tatu.

Jumanne nikaenda Manyamanyama kumwona Pazi. Amini usiamini, nilidhani atanipa moyo. Nimemkuta amekaa mbele ya kibanda chake, anatengeneza pasi ya mtu. Spika yake ina miezi minane kituoni. Msimu wa harusi umepita, msimu wa Maulidi umepita, waliokuwa wanamkodi wamehamia kwa mwingine. Mkewe Safina amerudi kwao na watoto, eti kwa muda. Pazi hakunilaumu. Akanikaribisha chai, akaniuliza magoti yanaendeleaje, akaniita dada kama siku zote. Angenitukana ningerudi nyumbani na msimamo wangu. Ile chai ndiyo imeniua.

Yeye hakusema neno hata moja kaburini. Alikodisha spika tu. Kama bei ya kuirudisha ni mimi kula matapishi mbele ya watu, basi nile.

Nimetia sahihi, karatasi ni hii. Usije kuniambia asante.

Mama yako


Musoma, 6 Februari 2025

Mama,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Pazi ameniambia spika imerudi, kitambaa cha mbele kimeliwa na panya lakini inalia.

Kuhusu tarehe 15, mambo yamepangwa hivi. Kibali cha mkusanyiko na cha kipaza sauti tumechukua sisi, usihangaike. Bwana Burito anataka watu wawe wengi, anachinja ng'ombe, na ameongeza spika mbili kwenye ile ya Pazi ili hata wa barabarani wasikie. Wakili atakuwepo, na mtu wa kurekodi kama ushahidi kwamba amri imetekelezwa. Mimi nitakuja nao kwenye gari. Sitashuka, mama. Sitaweza.

Tafadhali soma yote.

Mwanao,
Amos


Kiabakari, 19 Februari 2025

Amosi mwanangu,

Marahaba. Najua siku ile hukunisalimia, gari lenu lilikuwa limefunga vioo. Magoti yangu mazima, nilisimama dakika arobaini bila kushika kiti. Wewe ulisikia sauti tu, basi acha nikueleze ulichokosa kuona.

Kwanza nikuambie ukweli, kwa sababu mimi sina mteja. Nilikwenda pale nikiwa na nia ya kusoma yote tisa. Niliapa kwa Pazi, nikamwapia na Mungu. Nilikuwa nimevaa kitenge cha kuzikia. Burito alikuwa kiti cha mbele, shati jeupe, anatabasamu na kusalimia watu kama bwana harusi. Watu walikuwa wamejaa mpaka shamba la muhogo, aliwaita mwenyewe kwa nyama.

Nikaanza aya ya kwanza, kwamba mimi Matrida nilitamka kuwa Stanislausi hakuugua bali alifukiwa. Ya pili, kwamba nilitamka kuwa Burito alitoa matimba akayapeleka duara jipya. Wewe umeandika vizuri, mwanangu, nikupe haki yako. Mimi kaburini nilisema kwa haraka nikiwa nalia, wewe umepanga na tarehe, na mitaa, na kila kitu. Mwaka jana walionisikia walikuwa mia na hamsini. Safari hii nasikia hata Mugeta kuna watu wanaisikiliza kwenye masimu, maana ni halali, ina mhuri. Kufika aya ya nne tabasamu la Burito likaanza kukauka. Akamgeukia wakili. Wakili akawa anaangalia karatasi yake kama vile ndiyo anaiona leo.

Aya ya sita ni majina. Nikataja la kwanza. Mama yake akasimama. Hakuna aliyemwambia. Nikataja la pili, akasimama mjane wake na ndugu zake. Ikawa hivyo jina kwa jina, mpaka tisa, mpaka Dorah akasimama na mtoto mgongoni. Kumalizia tu, Esther akasimama huko nyuma, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Wangu hayumo. Robi hayumo." Nikamwangalia, naye akaniangalia. Karatasi yako ina tisa, na uliichapa Oktoba, Robi wa kumi akiwa ameshazikwa.

Nikasoma ya saba na ya nane. Hawakukaa.

Nikafika ya tisa. Nimeiona kwa macho, imeandikwa kwa herufi nzuri. "Kwamba maneno yote hayo ni ya uongo." Nimefungua mdomo, Amosi. Nimejaribu kwa ajili ya Pazi. Wale watu wote wamesimama, na mimi niwaambie kwamba watoto wao hawakufa walivyokufa? Ulimi ulikataa. Nikakunja karatasi, nikaiweka kwenye kitenge, nikakaa. Burito akapiga kelele, "Amalizie! Mlazimisheni amalizie!" Kipaza sauti kilikuwa bado wazi, ikatoka kupitia spika tatu alizokodi mwenyewe. Hakuna aliyenyanyuka. Halafu watu wakaondoka mmoja mmoja wakapita kaburini kuweka udongo, na ile nyama hakuna aliyeigusa, hata wale wanaojulikana kwa ulafi.

Pazi akaja kukunja nyaya zake. Nikamwambia nimekuponza tena. Akasema spika wakiichukua tena atafungua genge la viazi, kazi ni kazi, akanibebea kiti mpaka nyumbani.

Leo asubuhi yule mwenye tai ameniletea wito, Ijumaa niende mahakamani. Nimekataa kutekeleza amri. Nimemuuliza kosa langu safari hii ni lipi hasa, nimesema nini kibaya. Ameona aibu kidogo, akasema, "Hukusema." Basi nimesubiri mwaka mzima kusikia hilo. Wamenihoji kwa kusema, kwa kusikika, kwa kuhesabu, kwa kutotamka. Ijumaa nakwenda kufungwa kwa sababu nimenyamaza, na kunyamaza ndiyo ushauri wa kwanza ulionipa wewe.

Najua wakili atataka mtu wa kula kiapo kwamba sikusoma aya ya tisa, na mtu mwenyewe utakuwa wewe, ulikuwa kwenye gari umesikia. Usihangaike usiku kucha na Hana. Apa. Ni kweli, sikusoma, wala sitasoma. Litakuwa neno la kwanza la kweli kutoka ofisini kwenu kwenye kesi hii, lisije likaharibika kwa kuona haya.

Daftari la historia za marehemu nimempa Dorah, anaandika vizuri. Mbuzi nimewapeleka kwa Esther. Blanketi ninalo.

Mama yako,
Matrida